Chai, Andazi na Damu ya Mama

Hapa Mugango asubuhi ya wengi wetu ni kikombe cha chai ya rangi na andazi, au kiazi kitamu kama kipo. Hatusemi muache. Lakini kliniki ya wajawazito tunakutana mara kwa mara na akina mama wenye viganja vyeupe, wanaohema wakipanda kilima kidogo tu. Tukiwauliza wanamezaje vidonge vya FEFO, jibu ni hili: "Kwa chai, sista, maana vinanitia kichefuchefu."

Hapo ndipo penye tatizo. Majani ya chai yana tanini, ile inayokaza ulimi chai ikikolea mno. Tumboni tanini hushikana na madini ya chuma, na chuma kinatoka bila kuingia katika damu. Ukinywa chai pamoja na maharage, mchicha au uji wa ulezi, chuma unachopata kinaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Kwa nyama na dagaa hali ni afadhali.

Wengine hutuuliza kama chai ya kijani ya Wajapani ni nafuu. Mmea ni ule ule wa Mufindi na Rungwe; majani hupashwa moto mapema yasigeuke meusi. Tanini imo vilevile. Ila Wajapani wana desturi moja tunayoipenda: katika sherehe yao ya chai hula kwanza kitamu kidogo, mara nyingi cha maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, kisha hunywa chai chungu bila sukari. Sisi andazi lina sukari, na kikombe nacho vijiko vitatu! Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongeza isifike vijiko 12 vya chai kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana isizidi 6. Vikombe viwili vya namna hiyo vimeshafika 6.

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Akizidi hapo apewe uji mzito wenye dagaa waliosagwa au karanga, si chai na andazi lililolowekwa.

Mama mjamzito, meza FEFO kwa maji, usiku kabla ya kulala kama kichefuchefu kinakusumbua. Ukiwa na pera au chungwa, kula pamoja nayo, kwani husaidia chuma kuingia. Chai ngojea saa moja baada ya chakula. Na choo kikiwa cheusi usishtuke wala usiache dawa. Ni chuma hicho.