Lijue Neno Kabla Hujatia Sahihi

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mjomba wangu alikuwa sajini wa jeshi, na tepe zake tatu zilikuwa fahari ya ukoo mzima. Siku moja alitanguliza sanduku lake nyumbani kwa basi. Juu ya nguo palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi, niliitwa niisome mbele ya bibi na majirani. Nikayaona maneno haya: “reduced to the ranks”. La kwanza nililipita mbio. La mwisho nililijua, kwani “rank” ni cheo. Nikatangaza kwa sauti kuu kwamba mjomba amepata vyeo. Vigelegele vikapigwa, na mbuzi akachinjwa.

Mjomba aliwasili siku ya tatu, mikono ya shati lake haina hata tepe moja. Hakunikaripia. Aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaniambia: “Mpwa wangu, hapa pameandikwa kwamba nimerudishwa safuni.”

Askari wenzangu, aibu ya siku ile ndiyo iliyonisukuma kuyachunguza maneno ambayo Kiingereza huyatumia kueleza kushuka, kuanguka na kuharibikiwa. Katika Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini kwa miaka mingi, lakini sheria na hati za mashtaka huandikwa kwa Kiingereza. Askari anaweza kuishi utumishi wake wote kwa lugha moja, kisha akahukumiwa kwa nyingine. Hapana budi ajue kwamba maneno hayo hayalingani. Kila moja hueleza namna mtu alivyoshuka, na mengine hueleza hata kama njia ya kurudi imebaki wazi.

Tuanze na neno lililonidanganya. Asili ya “rank” ni safu ya watu waliosimama bega kwa bega. Kutoka hapo likaja kuwa na maana ya cheo, lakini “the ranks” zilibaki kuwa zile safu za askari wasio na cheo. Kurudishwa huko ni adhabu. Hata hivyo, Waingereza humsifu afisa aliyeanza utumishi akiwa askari wa kawaida kwa kusema kwamba ameinuka kutoka “the ranks”. Naam, mlango wa kushukia ndio huo huo wa kupandia. Kadhalika “degrade” limetoka katika Kilatini, ambamo “gradus” ni hatua au daraja. Anayeshushwa daraja bado yumo ngazini, na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mpanda ngazi hushuka.

Neno “cashier” ni zito zaidi. Wengi hulijua kuwa ni mtunza fedha, nalo kwa maana hiyo limetokana na sanduku la kuwekea fedha. Lakini liko “cashier” jingine, lisilo na udugu na la kwanza ila sura. Hilo limetoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kuvunja, likapitia kwa Waholanzi. Afisa aliyefanyiwa hivyo amefukuzwa jeshini kwa fedheha. Kwa asili ya neno, amevunjwa.

Wafaransa waliitimiza maana hiyo kwa vitendo. Tarehe 5 Januari 1895, katika uwanja wa École Militaire mjini Paris, Kapteni Alfred Dreyfus alisimamishwa mbele ya majeshi. Alikuwa amehukumiwa kwa kuwapa Wajerumani siri za jeshi. Alama za cheo zikang'olewa katika sare yake, na upanga wake ukavunjwa vipande viwili, huku yeye akipaza sauti kwamba hana hatia. Alipelekwa kifungoni katika Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guyana ya Wafaransa. Ukweli ulichukua miaka mingi kudhihiri. Mwezi wa Julai 1906 mahakama kuu ilifuta hukumu yake. Akarudishwa jeshini kwa cheo cha meja, na mwezi huo huo akavishwa nishani ya Légion d'honneur katika chuo kile kile alikovunjiwa upanga. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini neno ninaloliogopa kuliko yote ni “dereliction”. Katika Kilatini asili yake ni kuacha kabisa, kutupa na kwenda zako. Nyumba iliyohamwa hadi ikawa gofu huitwa “derelict”, na mlinzi aliyeacha lindo hushtakiwa kwa “dereliction of duty”. Hapa hakuna ngoma wala upanga unaovunjwa hadharani. Mtu huacha jambo dogo leo, na kesho huacha kubwa. Aghalabu anguko la askari huanzia hapo, muda mrefu kabla ya karatasi kuandikwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu msomaji, kujua maneno si anasa ya wasomi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28, inaagiza kwamba mshtakiwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kosa analoshtakiwa nalo. Inaagiza pia kwamba asipoielewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Kudai haki hiyo si utovu wa nidhamu. Ukipewa karatasi usiyoielewa, omba usomewe kwa Kiswahili kabla hujatia sahihi. Nawe afisa unayeisoma, usiyapite maneno mbio kama nilivyofanya mimi, kwa maana nyuma ya karatasi ile kuna nyumba inayosubiri kujua ipige vigelegele au inyamaze.

Mjomba alirudi kambini likizo yake ilipokwisha, akasimama safuni pamoja na vijana aliokuwa akiwaamuru. Alistaafu akiwa na tepe mbili. Barua iliyoleta habari ya tepe ya kwanza kati ya hizo niliisoma mimi, mbele ya bibi yule yule, na safari hii niliisoma mara tatu kabla sijafungua kinywa.