Madoa ya Kahawia kwenye Kaktasi ya Nyumbani: Gusa Kabla ya Kununua Dawa

Mlaji anunuapo kaktasi kwa ajili ya kibaraza au dirisha la sebule, huambiwa kuwa mmea huo hauhitaji matunzo. Miezi michache baadaye doa la kahawia hujitokeza, naye huenda dukani kuulizia dawa. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu doa la kahawia si ugonjwa mmoja. Huweza kuwa alama ya uzee, kovu la jua, kazi ya wadudu au dalili ya uozo, na ni huo uozo tu unaoweza kuuangamiza mmea katika muda wa siku chache.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Bonyeza doa polepole kwa kijiti butu. Likiwa gumu na kavu, hakuna sababu ya kuharakisha. Likibonyea, likitoa maji au harufu mbaya, kazi ianze siku hiyo hiyo.

Kahawia gumu linaloanzia shinani na kupanda taratibu kwa miaka, likifanana na gome la mti, ni uzee wa kawaida. Kovu la jua nalo hukaa upande mmoja tu, ule unaoelekea mwanga mkali. Hapo ngozi hupauka kwanza, kisha hugeuka kahawia na kukakamaa. Humpata hasa mmea uliolelewa kivulini ukawekwa ghafla kwenye jua la adhuhuri. Kovu hilo halifutiki kwa dawa yoyote, lakini halienei. Uondoe mmea kwenye jua kali, kisha uuzoeshe jua la asubuhi kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Iwapo doa ni kinundu kidogo kinachobanduka kwa ukucha, huyo ni mdudu mwenye gamba mgongoni, ambaye wakulima humwita kidugamba. Ikiwa ngozi imechakaa kama chuma chenye kutu, hasa karibu na ncha inayokua, na utando mwembamba umetanda kati ya miiba, shuku utitiri. Vidugamba hubanduliwa kwa pamba iliyochovywa katika spiriti ya hospitali. Jaribu kwanza sehemu ndogo, ufanye kazi hiyo kivulini na mbali na moto. Utitiri huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, mmea ukiwa umelazwa ili udongo usilowe. Rudia kila wiki kwa wiki tatu au nne, maana mayai huanguliwa baada ya wakubwa kufa.

Uozo ndio unaostahili hofu. Chanzo chake kikuu ni maji kutuama kwenye mizizi: chungu kisicho na tundu, kisahani kilichojaa, au udongo mzito wa bustani. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, udongo huchelewa kukauka, na mmea ulioachwa kibarazani wakati wa masika hunyeshewa siku baada ya siku.

Kabla ya kukata, hakikisha mmea wako ni kaktasi kweli. Mimea mingi yenye miiba inayouzwa kwa jina hilo ni jamaa ya mnyaa, na utomvu wake mweupe kama maziwa huunguza ngozi na kudhuru macho vibaya. Miiba ya kaktasi huchipuka kwenye vijito vidogo vyenye manyoya. Mnyaa na jamaa zake hawana vijito hivyo. Kwa vyovyote vile, vaa glavu na ukinge macho.

Futa kisu kwa spiriti, kisha kata juu ya sehemu iliyooza hadi uone nyama safi isiyo na hata nukta ya kahawia. Ukiiona nukta, futa kisu na ukate tena; huruma mahali hapa huuponza mmea. Kipande kizima kiwekwe mahali pakavu penye kivuli kwa wiki moja au mbili, jeraha lifunge na kukauka kabisa, ndipo kipandwe katika mchanga mnene wa mto uliochanganywa na udongo kidogo. Kisimwagiliwe mpaka kianze kutoa mizizi. Baadaye, maji yatolewe pale tu kijiti kilichochomekwa hadi chini ya chungu kinapotoka kikavu.

Ukilazimika kununua kiuatilifu, kataa kilichopimiwa kwenye chupa ya soda au mfuko usio na lebo. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Tafuta namba ya usajili na maelekezo ya matumizi kwenye lebo. Dawa ya wadudu, hata iwe ghali kiasi gani, haiponyi uozo.

Vipande vilivyokatwa vifungwe na kutupwa pamoja na taka, visirushwe uani wala porini. Kipande kimoja cha mpungate kikigusa ardhi huota mizizi, na katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya jamii moja ya mpungate wa kigeni imeenea hadi kuvamia malisho na kujeruhi midomo ya mifugo.