Marehemu mtarajiwa na mshukiwa wake

Christopher Chance aliponzwa na kahawa. Kazi yake ni kujigeuza mtu anayewindwa, ili risasi ikija imkute yeye. Safari hii alikuwa amevaa sura ya Lex Luthor, tajiri ambaye maadui zake hawahesabiki. Risasi ikapigwa, akapona. Kumbe sumu ilikuwa kwenye kahawa iliyokusudiwa Luthor, naye alishainywa. Daktari akampa siku 12.

Hivyo ndivyo inavyoanza The Human Target, katuni ya matoleo 12 ya kampuni ya DC ya Marekani, iliyoanza kutoka mwaka 2021 na kumalizika 2023. Kila toleo ni siku moja. Chance, mhusika aliyebuniwa 1972, anamsaka aliyemuua ilhali bado anapumua. Dalili za sumu zinaelekea kwa Justice League International, kikosi cha mashujaa waliojulikana kwa utani na vituko tangu miaka ya 1980.

Mmoja wao ni Ice, mwanamke mpole mwenye uwezo wa kugandisha vitu. Anamjia Chance mwenyewe, wanaandamana katika upelelezi, na jina lake halijafutwa kwenye orodha ya washukiwa. Siku hazipiti nyingi, wanapendana.

Mwandishi Tom King aliwahi kufanya kazi CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na inaonekana: hata mazungumzo ya mahaba yananukia mahojiano. Ice akitabasamu, hujui kama ni penzi au ni kuficha ushahidi. Kazi ya mpelelezi ni kushuku, ya mpenzi ni kuamini. Chance anazifanya zote mbili kwa mwanamke mmoja, na siku zinayoyoma.

Greg Smallwood, aliyechora na kutia rangi, ameipa hadithi sura ya matangazo ya majarida ya Marekani ya miaka ya 1960: rangi tulivu, nguo za kupendeza, watu wazuri. Katikati ya uzuri huo mwanamume anadhoofika ukurasa hadi ukurasa. Mwaka 2023 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Eisner ya mfululizo mfupi bora.

Sisi tuliokulia riwaya za wapelelezi Bwana Msa na Joram Kiango tunaijua raha ya kukisia muuaji na kutamani anaswe. Nani aliyetia sumu, simwagi mtama hapa. Ila safari hii nilifunua kurasa nikiomba asiwe Ice.