Hirizi ya Saba Tatu

Juma hili nimeulizwa tena, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, swali nililokwisha kulijibu mara zisizo na idadi: “Mwalimu, folda ya funguo nimeipa ruhusa zote, 777, mbona seva ya pili bado yanidai nywila kila niipelekeapo amri kutoka seva ya kwanza?” Jawabu ni fupi: yakudai nywila kwa sababu umeipa 777.

Wanaoitumia hirizi hii aghalabu hudhani kwamba kukataliwa kwao kwatokana na upungufu wa idhini, ilhali kwatokana na wingi wake. Kila saba ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kutekeleza. Saba ya kwanza ni ya mwenye mali, ya pili ni ya kundi lake, na ya tatu ni ya kila mwenye akaunti katika mashine hiyo, mwema na mwovu, ambaye sasa aweza kuuondoa ufunguo wako na kutia wake. Ndiyo maana bawabu wa OpenSSH kwenye seva ya pili, kabla ya kulisoma faili la authorized_keys, hulikagua faili lenyewe, na folda ya .ssh, na folda ya nyumbani ya mtumiaji. Na akiona kwamba mkono wa kundi au wa wengine waweza kuandika popote hapo, huliacha faili lile kana kwamba halikuwapo, kisha akarejea kudai nywila.

Wala hakuambii sababu, maadamu hajui kama wewe ni fundi au mwizi. Huiandika katika logi ya seva yake, na huko ndiko ambako muulizaji wangu, aliyekesha akiikodolea macho seva ya kwanza, hakufika kamwe. Itifaki ya SSH iliasisiwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, huko Finland, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake; shaka ndiyo nasaba yake. Na wale ambao, hirizi ikigoma, huizima StrictModes, yaani kanuni ya ukaguzi huo, ili wapite, wamemfukuza bawabu kwa kosa la kuwa macho.

Yafaayo ni haya. Folda ya .ssh ipe 700. Authorized_keys na ufunguo wa siri, 600. Nyumba isiandikwe na mwingine. Majina ya watumiaji yakitofautiana kati ya seva hizo mbili, litaje katika amri jina la seva ya pili. Penye SELinux, endesha restorecon. Kwenye Windows, funguo za wasimamizi hukaa katika administrators_authorized_keys, ndani ya ProgramData\ssh, si nyumbani kwao. Seva moja ikiwa kongwe, kumbuka kwamba OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 haikubali tena, kwa kawaida yake, sahihi za RSA zenye SHA-1: tengeneza ufunguo wa Ed25519, au ihuishe seva hiyo. Lililobaki utalikuta katika /var/log/auth.log kwa Ubuntu, na kwa Debian za kabla ya mwaka 2023, au /var/log/secure kwa jamii ya Red Hat, kwenye seva iliyokukataa. Lisome huko kwanza, ndipo uniandikie.