Kumdhania mtu si kumtia hatiani

Kitenzi "kudhani", chenye asili ya Kiarabu, hakina lawama ndani yake. Kazi yake ni kueleza wazo lisilo na uhakika: "Nadhani mvua itanyesha." Isiponyesha, hakuna aliyedhulumiwa. Mambo hubadilika tunaposema "kudhania", kwa kuwa hapo pana mtu anayeangukiwa na dhana hiyo. "Nilimdhania kaka yako" ni kumfananisha tu. Ukimwita barabarani akageuka mwingine, utaomba radhi yaishe. "Nilimdhania mwizi" ni kumtia mtu doa. Ndiko kumdhania mtu vibaya, au kumdhania ndivyo sivyo.

Hata hivyo, kitenzi hiki peke yake hakithibitishi kwamba tumekosea. Kosa hutangazwa na neno "kumbe". Mtu anaposema, "Nilidhani jirani anaringa, haitikii salamu, kumbe hasikii vizuri," sehemu ya kwanza ni hukumu aliyoipitisha moyoni, na "kumbe" ndiyo inayoitengua.

"Kutuhumu" ni hatua ya mbele zaidi. Dhana yaweza kubaki moyoni, lakini tuhuma ina kosa mahususi linalotajwa: wizi, rushwa, ubadhirifu. Tusiichanganye na "kushutumu", yaani kumlaumu mtu kwa maneno makali. Anayetuhumu bado ana shaka. Anayeshutumu kwake mambo yamekwisha. Kwa hiyo meneja ambaye bado anachunguzwa "anatuhumiwa" kula fedha za ushirika. Tukisema "anashutumiwa", tumeeleza tu kwamba watu wanamsema vibaya.

Mahakamani tofauti hizi zina uzito wa kisheria. Anayeshukiwa ni mtuhumiwa, au mshukiwa kama wasemavyo zaidi Wakenya. Akisomewa mashtaka huwa mshtakiwa. Hadi hapo bado si mkosaji. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia.

Sasa tazama kichwa cha habari cha aina hii: "Polisi wamnasa mwizi wa pikipiki." Kesi haijafunguliwa, hakimu hajasikiliza shahidi hata mmoja, lakini mwandishi ameshahukumu kwa neno moja.

Mwandishi mwenzangu, kabla hujaandika "mwizi", uliza kama mahakama imemtia mtu huyo hatiani. Kama bado, neno sahihi ni "mtuhumiwa".