Daktari Mchovu Ndani ya Vazi la Kinga

Alfajiri moja ya Novemba 2000, muuguzi wa zamu katika Hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, alimwita Dk. Matthew Lukwiya. Mgonjwa wa Ebola, naye muuguzi wa hospitali hiyohiyo, alikuwa amechanganyikiwa, katoka kitandani huku akivuja damu. Lukwiya alikurupuka, akavaa barakoa, kofia, gauni na glovu. Miwani ya kukinga macho hakuvaa. Tarehe 5 Desemba alifariki dunia.

Hakuwa mgeni wa kanuni. Ndiye aliyeishuku Ebola mapema, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa kabla maabara hazijatoa jibu. Kwa hiyo kisa chake kinawahusu zaidi wapangaji wa zamu kuliko wanunuzi wa vifaa: ujuzi ulikuwepo, ila daktari aliyetolewa usingizini hakuwa na wa kumkagua mlangoni.

Kuvaa vazi la kinga kuna nafuu. Kazi iko kwenye kuvua. Ndani ya vazi hilo mwili huchemka, jasho hutiririka hadi kwenye buti na miwani hupata ukungu, ndiyo maana timu nyingi hazimruhusu mtu kukaa wodini zaidi ya saa moja hivi. Akitoka, upande wa nje wa vazi umebeba virusi. Mwenzake husimama hatua chache kando, akimtajia moja baada ya nyingine: nyunyiziwa klorini, nawa, vua aproni, nawa tena, inama, fumba macho, toa miwani. Mkono ukielekea puani, anakemewa papo hapo. Aliyechoka husahau, basi kukumbuka kunakuwa kazi ya mwingine.

Corona ikaja na madhila yasiyohusu mavazi pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 huenda walikufa kwa ugonjwa huo tangu Januari 2020 hadi Mei 2021. Nchini Kenya, Dk. Stephen Mogusu, mwenye umri wa miaka 28, alifariki Desemba 2020 baada ya kuhudumia wagonjwa Machakos. Wenzake walisema alikuwa hajalipwa miezi mitano, na bima ya afya hakuwa nayo. Shujaa wa taifa, bila mshahara! Tarehe 21 mwezi huohuo madaktari waligoma, wakidai bima na vifaa kinga.

Kuna pia jeraha lisiloonekana. Dk. Lorna Breen, daktari wa dharura jijini New York, aliugua corona, akarudi kazini, kisha akajiua Aprili 2020. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, inayogharimia mafunzo na huduma za kuwakinga wahudumu wa afya dhidi ya msongo na kujiua. Lakini kikwazo kimoja kilikuwa kwenye makaratasi: fomu za leseni za baadhi ya majimbo zilimuuliza daktari kama amewahi kutibiwa maradhi ya akili, na wengi wakaogopa kutafuta tiba. Majimbo kadhaa yamekwisha kuliondoa swali hilo.