Gita ya Kwanza: Cheki Nyuzi, Wachana na Rangi

Maze, kama umeamua lazima ujue kuchapa gita, anza na ngoma zenye zinakubamba. Hizo ndio zitakuambia ubuy gani, si ile nyekundu inang'aa kwa dirisha ya duka pale tao.

Kama unafeel omutibo ya George Mukabi, ile gumba inashikilia besi na kidole ya pili inacheza melodi, tafuta gita kavu. Ukiwa mtu wa benga, zile laini tamu za D.O. Misiani na Shirati Jazz, hiyo ni ya stima, na ganji ya ampu iwe kwa bajeti. Kuna wasee hushinda wakisema lazima uanze na kavu ndio vidole zikomae. Mimi nakataa. Nyuzi za stima ni nyembamba, mob ni namba 9 ama 10, na zinabonyezeka fiti. Kavu ya chuma mara nyingi hukuja na 12, na hiyo inauma.

Kavu nazo ziko mbili: ya nailoni na ya chuma. Nailoni ni laini kwa vidole, lakini shingo yake ni pana. Ya Yamaha C40 iko milimita 52 pale juu, na za chuma nyingi hucheza kwa 43. Mkono ikiwa ndogo, utaskia hiyo tofauti. Na tafadhali, usiwahi funga nyuzi za chuma kwa gita ya nailoni. Zinavuta na nguvu mob sana, na ile daraja ya kushikilia nyuzi inaeza ng'oka mzima mzima.

Sasa skiza hii poa, ju ndio inafanya mayut wengi waache gita kwa kona wakidhani hawana kipaji: nyuzi zikiwa juu sana. Beba rula. Kwa freti ya 12, pima kutoka freti hadi uzi mnene. Chuma iwe kama milimita 2 hadi 3, nailoni 3 hadi 4. Ikipita hapo, chord ya F itakutesa bure, na makosa si yako.

Halafu inua gita, cheki shingo kutoka kichwani vile fundi hucheki mbao. Ikiwa imejipinda kando, rudisha. Chapa uzi wazi, alafu huo huo kwa freti ya 12, ukitumia programu ya kutune kwa simu. Noti lazima iwe ile ile, tu imepanda oktavu moja. Zikikosana, hiyo gita inaeza skika vibaya hata ukiifunga nyuzi mpya.

Usiende solo. Beba msee anachapa gita kanisani kwenu, azichape zote na wewe uskize. Ukipata yenye nyuzi ziko chini na inashika tune, lipa, hata kama ni ya mtumba na imekwaruzwa.